Siku ya familia kwenye tamasha la Renesansi Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili na wanaoishi Marekani, hasa wale ambao watoto wao wamerudi kutoka shuleni na habari za wafalme na farasi, na sasa hawalali hadi wapelekwe. Saa zote hapa ni kwa hesabu ya Kiswahili: saa tatu asubuhi ni 9:00, saa moja jioni ni 7:00. Bei ni za kukusaidia kupanga bajeti. Hubadilika kila msimu, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya tamasha lenyewe kabla ya kulipa.

Tamasha la Renesansi ni kitu gani hasa?

Ni kijiji cha kuigiza zama za Renesansi, yaani za mwamko wa sanaa na elimu Ulaya. Ndani ya uzio kuna mitaa ya vumbi, vibanda vya mbao, majukwaa, uwanja wa farasi na mamia ya watu waliovaa kama Waingereza wa karne ya 16, enzi za Mfalme Henry VIII (1509–1547) au binti yake Malkia Elizabeth I (1558–1603). Unalipa mlangoni, kisha unazunguka siku nzima: unatazama maonyesho, unakula, unacheza, unawaangalia mafundi wakifanya kazi.

Si desturi iliyotoka Uingereza. Ni uvumbuzi wa Kimarekani: la kwanza liliandaliwa Los Angeles mwezi Mei 1963 na mwalimu Phyllis Patterson na mumewe Ron, kuchangia fedha za kituo cha redio cha KPFK. Likaenea. Minnesota walianza 1971, Texas 1974, Maryland 1977, na yote matatu yapo hadi leo.

Lipi liko karibu nasi, na ni mwezi gani?

Karibu yote hufanyika Jumamosi na Jumapili tu, kwa wiki sita hadi tisa, kisha geti linafungwa hadi mwaka unaofuata. Houston na vitongoji vyake mnaenda Todd Mission, Oktoba na Novemba. Dallas na Fort Worth mna Scarborough kule Waxahachie, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Mei. Minneapolis na St. Paul ni Shakopee, katikati ya Agosti hadi mapema Oktoba. Maryland, Washington na kaskazini mwa Virginia ni Crownsville, mwisho wa Agosti hadi Oktoba. Chicago na Milwaukee ni Bristol, karibu na Kenosha, Julai hadi sikukuu ya Labor Day. Cincinnati, Dayton na Columbus ni tamasha la Ohio kule Harveysburg, msimu wa vuli. Phoenix huenda Februari na Machi, kabla jua halijawa kali. Atlanta huenda Aprili na Mei, kule Fairburn.

Kama una nafasi ya kuchagua, kwepa wikiendi ya kwanza ya msimu na ile ya mwisho. Ya kwanza ina msongamano wa waliosubiri mwaka mzima, ya mwisho ina wa waliochelewa.

Tiketi zinunuliwe wapi?

Mtandaoni, kwenye tovuti rasmi, kabla ya siku yenyewe. Baadhi ya matamasha huuza tiketi za tarehe maalumu na hufunga mauzo siku ikijaa, kwa hiyo familia inayotegemea kununua getini inaweza kurudi nyumbani na watoto wanaolia. Piga picha ya skrini ya kila tiketi ukiwa bado nyumbani. Watu maelfu wakikusanyika shambani mtandao wa simu huzidiwa, na ukurasa wa tiketi ndio wa kwanza kugoma kufunguka.

Soma umri kwa makini. Kila tamasha lina mpaka wake wa anayeingia bure na wa anayelipa nusu, na mtoto wa miaka 13 sehemu nyingine huhesabiwa mtu mzima.

Tutumie kiasi gani kwa siku?

Chukua mfano wa wazazi wawili na watoto wa miaka 13, 8 na 3. Watu wazima wawili kwa dola 35 ni 70. Wa miaka 13 akihesabiwa mtu mzima ni 35 nyingine. Wa miaka 8 dola 18, mdogo bure. Hiyo ni 123. Maegesho 10 (kwingine bure, kwingine zaidi). Chakula na vinywaji 85 mkila humo mara moja vizuri na vitafunwa. Michezo 40, kofia za wasanii (wanazopitisha mwisho wa onyesho kupokea zawadi) 20. Jumla ni kama dola 280, kabla hujagusa upanga wa mbao ambao mtoto ataukumbatia na kukataa kuuachia.

Kinachovunja bajeti ni michezo, tiketi unazijua mapema. Kila mchezo ni dola 3 hadi 8, na mtoto mmoja anaweza kumaliza kumi kabla ya adhuhuri. Mpe kila mtoto bahasha yake ya noti asubuhi, mwambie ikiisha imeisha. Mtoto anayeona noti zikipungua huchagua kwa akili. Anayeona kadi ya mama huomba tu.

Beba fedha taslimu. Vibanda vingi vinapokea kadi siku hizi, lakini michezo midogo na kofia za wasanii bado huendeshwa kwa noti, na mashine ya ATM ya humo ndani ina foleni ndefu na makato makubwa. Noti za dola 1 na 5 ndizo zinazotumika zaidi.

Tufike saa ngapi?

Muwe mmeshaegesha gari nusu saa kabla ya geti kufunguliwa. Mengi hufungua saa tatu au saa nne asubuhi. Mnapata faida nne: barabara iko wazi, maegesho ni ya karibu, mnaona sherehe ya kufungua lango ambapo mfalme na watu wake husimama juu na kuwahutubia wageni, na saa mbili za kwanza watoto wanacheza bila foleni. Kuanzia saa sita mchana kila kitu huwa na mstari.

Wanaokwenda Todd Mission walitilie hili maanani mara mbili. Barabara ya FM 1774 ni nyembamba, na ikishajaa magari kilomita chache za mwisho zinaweza kula muda kuliko safari yote kutoka Houston.

Ni lazima kuvaa mavazi ya kale?

Hapana. Nusu ya watu huja na jinzi na fulana, hakuna anayewashangaa. Watoto hupenda kuvaa, kwa hiyo kama kuna gauni la sherehe au joho kabatini, litoeni. Kukodi kupo karibu na lango, lakini kwa familia nzima ni ghali.

Na kanzu? Vaeni, kanzu inafaa kabisa. Mreno Duarte Barbosa, akiandika mapema karne ya 16, aliwaeleza watu wa Kilwa kuwa wamevaa nguo nzuri za pamba, hariri na dhahabu. Mfanyabiashara wa Kilwa mwenye kanzu safi, kilemba na mkanda wa rangi yuko ndani ya karne ileile. Kanga kama tuijuavyo ni ya karne ya 19, ila hakuna atakayekuuliza mlangoni, na inapendeza machoni.

Kitu kimoja kisilegezwe: viatu. Ardhi ni udongo, kokoto na mizizi ya miti, na mtatembea kilomita kadhaa. Ndala hukatika, viatu vipya huchubua. Raba zilizokwisha kuzoea mguu ndizo zifaazo, hata chini ya gauni la malkia.

Ukija na upanga au kisu cha mapambo, walinzi watakifunga kwenye ala kwa kamba ya plastiki ili kisichomolewe. Silaha za moto na hata bastola za kuchezea za kisasa huachwa nyumbani.

Kigari cha mtoto kinaingia?

Kinaingia, ila chenye magurudumu madogo ya mjini hukwama kwenye kokoto na kuzama kwenye tope. Chenye magurudumu makubwa ya upepo hupita. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili mbeleko inashinda vyote: unapita kwenye umati, unapanda mabenchi ya uwanjani, na mtoto analala mgongoni kelele zikiendelea. Beba kitenge cha ziada; kitakuwa mbeleko, mkeka, kivuli na taulo kwa siku moja.

Tule nini? Kuna chakula cha halali?

Chakula kinachojulikana zaidi ni mguu mzima wa bata mzinga, unaoliwa kwa mkono. Kabla ya kuununua jua mambo matatu. Kwanza, nyama yake ni ya waridi hadi kwenye mfupa, na wazazi wengi huirudisha wakidhani ni mbichi. Imelowekwa kwenye maji ya chumvi yenye dawa ya kuhifadhi nyama, kisha ikafukizwa moshi. Dawa hiyo ndiyo inayoacha rangi ile na kuipa ladha inayofanana na ya nguruwe, ingawa ni ndege. Pili, ndani kuna kano nyembamba zilizokakamaa kama miiba ya samaki. Usimwachie mtoto wa miaka minne aung'ate mwenyewe: ichambue nyama, itoe kano, umpe vipande. Tatu, mguu mmoja unashibisha watoto wawili, kwa hiyo msinunue mmoja kwa kila kichwa.

Kwa Waislamu, chukulieni kuwa nyama si halali mpaka muuzaji akuthibitishie kwa maneno yake. Soseji nyingi ni za nguruwe, na mafuta ya kukaangia mara nyingi hutumika kwa vyakula mchanganyiko. Walio makini huegemea mahindi ya kuchoma, matunda, mkate, jibini na aiskrimu. Uliza kama mahindi yanapakwa siagi tu.

Inafaa kumwambia mtoto kwamba bata mzinga na mahindi yote yametoka bara la Amerika, hata huyo Henry VIII aliwaona bata hao kama kitu kigeni. Safari hizohizo za baharini ndizo zilizotuletea mahindi na mihogo Afrika. Ugali wetu ni mtoto wa zama hizo.

Tunaweza kuingia na chakula kutoka nyumbani?

Kwa kawaida hapana, isipokuwa cha mtoto mchanga, cha mtu mwenye mzio au maradhi, na maji. Kuhusu maji, tamasha moja huruhusu chupa iliyofungwa, jingine chupa tupu ya kujaza ndani. Njia iliyozoeleka na familia kubwa ni kuacha sanduku la barafu garini na kutoka kwenda kula chini ya mti. Uliza kwanza kama wanagonga muhuri mkononi ili mrudi ndani. Bila muhuri tiketi imekwisha kazi.

Kwenye joto la Texas au Agosti ya Maryland, mtoto anywe kidogo kila nusu saa bila kungoja aseme ana kiu. Mtoto aliyeacha kutoka jasho na ameanza kununa bila sababu apelekwe kivulini na hema la huduma ya kwanza mara moja.

Mashindano ya mikuki juu ya farasi: ni ya kweli? Tukae wapi?

Farasi ni wa kweli, deraya ni ya chuma cha kweli, na anayeanguka anaanguka kweli. Mshindi, katika matamasha mengi, amepangwa kwenye hadithi. Machache hushindana kwa pointi halisi.

Mtazame hivi, mtafaidi zaidi. Katikati ya uwanja kuna uzio mrefu wa mbao. Wapanda farasi hukimbia kila mmoja upande wake wa uzio, wakipishana kushoto kwa kushoto. Ngao iko kushoto. Mkuki umeshikwa mkono wa kulia, lakini unapita juu ya shingo ya farasi kuelekea kushoto. Kwa hiyo pigo huja kwa mshazari, halimkuti mtu uso kwa uso, na mkuki huvunjika kuelekea nje. Ncha ya mkuki wa maonyesho hutengenezwa kwa mti mwepesi sana ili ipasuke kwa urahisi. Mlio ule wa kupasuka ndio unaowainua watu vitini. Mwambie mtoto aitazame ngao ya yule anayepigwa, asihangaike na farasi: sekunde moja tu, mkono unarudi nyuma, vipande vinaruka, na mtu bado yuko kwenye tandiko.

Kwa kawaida kuna maonyesho matatu hivi kwa siku. La kwanza ni fupi, la mwisho ndilo kali, na mara nyingine hadithi yake huisha kwa mapigano ya panga na "kifo". Wenye watoto wadogo waende la kwanza au la pili. Fikeni dakika 30 hadi 40 mapema, kaeni safu ya tatu au ya nne. Safu ya kwanza hula vumbi, na mtoto mfupi anaona mbao za uzio tu. Mabenchi hugawanywa kwa wapanda farasi, kila upande una shujaa wake wa kumshangilia. Kitambaa cha rangi yake kinampa mtoto sababu ya kupiga kelele kwa moyo wote. Kama kuna mizinga, mtoto mchanga avalishwe vikinga masikio.

Kwa nini kila mtu anaanguka kwenye ile ngazi ya kamba?

Ni mchezo wa kupanda hadi kuifikia kengele iliyo juu, na wanaanguka kwa sababu wanaipanda kama ngazi. Ngazi hii imelazwa kwa mshazari, na kila mwisho imefungwa kwenye kamba moja tu yenye bawaba inayozunguka. Haina pande mbili za kuizuia. Ukikanyaga kipago katikati, kisha ukahamisha mguu mmoja peke yake, uzito wako wote unabaki upande mmoja na ngazi inapinduka papo hapo.

Mtoto afanye hivi: asikanyage vipago, aweke mikono na miguu kwenye kamba za pembeni, aitanue miguu, tumbo likaribie ngazi kama mjusi ukutani. Kisha asogeze mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa wakati mmoja, halafu mkono wa kushoto na mguu wa kulia. Polepole, macho yakiwa juu kwenye kengele. Watoto wa miaka saba hadi kumi huiweza kuliko baba zao, kwa sababu ni wepesi na wanafuata maelekezo. Chini kuna nyasi kavu au magodoro, kuanguka kwa kawaida hakuumizi.

Na upinde?

Mtoto wa miaka sita anaweza, kwa upinde mwepesi. Kosa linaloliza watoto ni kiwiko. Wakinyoosha mkono ulioshika upinde, kiwiko hutazama chini na ngozi ya kigasha hujitokeza kwenye njia ya ugwe. Ugwe ukiachiwa unachapa pale kama kiboko. Mwambie ageuze kiwiko kitazame nje, au avae ngozi ya kukinga mkono ambayo kibanda kinatoa. Avute hadi ugwe uguse shavu, kisha afungue vidole tu, bila kuusukuma mshale. Mshale ukienda kushoto kila mara, anaunyakua ugwe badala ya kuuachia.

Wanapitisha kofia mwisho wa onyesho. Tunalazimika kutoa?

Hulazimiki, lakini toeni. Wacheza moto, watembea kwenye kamba, wanamuziki na wachekeshaji wengi hulipwa kidogo na tamasha, na kofia ndiyo mshahara wao wa siku. Familia iliyokaa dakika 30 ikacheka, dola 5 hadi 10 ni heshima. Mpe mtoto noti apeleke mwenyewe na kusema asante; wasanii hao huinama na kumwita bwana mdogo au bibi mdogo, na kwa mtoto hilo ni kubwa kuliko onyesho lenyewe. Mkiondoka kabla ya mwisho, ondokeni kimya kwa pembeni.

Chagueni maonyesho mawili ya saa maalumu kwa siku nzima, basi. Familia inayojipangia manane hutumia siku yake ikikimbia na ratiba mkononi, na kupita mbele ya mambo mazuri bila kuyaona.

Ni yapi hayo mazuri ya kuona bure?

Mafundi. Hapa ndipo tunapowasihi wazazi wakae, hata dakika 40. Kuna mhunzi, mfinyanzi, mfumaji, mchonga ngozi, na mara nyingi mpuliza kioo.

Kwa mhunzi, mwonyeshe mtoto rangi. Chuma kikitoka motoni kikiwa cha rangi ya chungwa kinafinyangika chini ya nyundo. Kikishuka hadi wekundu uliofifia mhunzi anakirudisha, kwa sababu kukipiga kikiwa baridi hukipasua. Mtoto akishaelewa hilo ataanza kutabiri mwenyewe: "sasa anarudisha!"

Kwa mpuliza kioo, tanuri lina joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Bilauri aliyomaliza kuitengeneza mbele yenu hamwezi kuibeba leo. Ikipoa ghafla, nje huwa baridi wakati ndani bado kuna moto, nayo hupasuka yenyewe. Huwekwa kwenye oveni ipoe taratibu, kwa kawaida hadi kesho yake. Mnayonunua rafuni ni ya siku zilizopita. Fungeni kwenye kitenge.

Ndege wa kuwinda wako salama kwa watoto?

Ndio, mkikaa. Mkufunzi huwarusha mwewe juu ya vichwa vya watu, chini kabisa, hivyo mtoto asipandishwe mabegani na asiinue chakula. Mara nyingi kuna bundi pia. Kwetu bundi ana sifa mbaya, na bibi aliyefuatana nanyi anaweza kukunja uso. Mpeni nafasi amwone kwa karibu akigeuza kichwa hadi mgongoni, na amsikie alivyo kimya akiruka: nyoya zake zina ncha laini zinazoua sauti ya upepo.

Wanazungumza Kiingereza gani? Hatuwaelewi.

Ni Kiingereza cha kuigiza cha zamani. "Good morrow" ni habari za asubuhi. "Huzzah" ni vifijo. "Privy" ni choo, hilo lishikeni mapema. "My lord" na "my lady" ni ninyi. Mkikutana na malkia njiani, wanaume huinamisha kichwa, wanawake hukunja magoti kidogo. Watoto waliolelewa kwa shikamoo hulifanya hili vizuri kuliko wenzao, na waigizaji hufurahi wakiamkiwa "Shikamoo Malkia" na kuelezwa jibu lake.

Mtoto wangu anaogopa watu waliojipaka rangi na kuvaa pembe.

Waigizaji wamezoea. Nyoosha kiganja chako mbele ya mtoto na utikise kichwa, watapita mbali. Mara nyingi mtoto mwenyewe atawafuata baada ya saa moja.

Kuna pombe, ucheshi wa matusi au wapiga ramli?

Vyote vipo. Pombe huuzwa wazi, na walevi huongezeka kuanzia saa tisa alasiri. Ni sababu nyingine ya kuja asubuhi. Ratiba huweka alama kwenye maonyesho ya watu wazima, na kama hakuna alama, muulize mfanyakazi wa jukwaa: "Hili linafaa mtoto wa miaka minane?" Atakujibu ukweli. Wasoma viganja na karata huwa na vibanda vyao, mara nyingi vikiwa pamoja katika mtaa mmoja. Familia ambazo imani yao hairuhusu zitazame ramani na kupita njia nyingine. Angalieni pia kaulimbiu ya wikiendi: maharamia na watu wa Uskochi huwa na vurugu za furaha, wikiendi za karibu na Halloween zina vinyago vya kutisha.

Watoto wetu wanauliza: watu weusi walikuwepo enzi hizo?

Walikuwepo, na jibu hili liandae kabla ya safari. John Blanke, mpiga tarumbeta mweusi, alilipwa na Mfalme Henry VII mwaka 1507 kwa senti nane za Kiingereza kwa siku. Henry VIII alipotawala, Blanke alimwandikia kuomba nyongeza, malipo yawe maradufu. Mwaka 1512 alioa, na mfalme akampa zawadi ya harusi. Sura yake ipo hadi leo: amechorwa mara mbili, juu ya farasi, kilemba kichwani na tarumbeta mdomoni, kwenye hati ndefu ya picha za mashindano ya mikuki ya Westminster ya Februari 1511. Kwa hiyo mtoto akikaa uwanjani na kusikia tarumbeta kabla ya farasi kutoka, ajue mmoja wa waliopiga tarumbeta za kweli alifanana naye.

Na pwani yetu ilikuwa ndani ya zama hizo. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498. Wareno waliipora Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa 1593 hadi 1596, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Milan, kwa kanuni za ngome za Italia za wakati huo. Watoto wa Mombasa huzipita kuta za Renesansi wakienda sokoni. Kijiji cha tamasha kinaonyesha vicheko vya zama zile. Upande wa pili mzazi ndiye wa kuueleza.

Vyoo, udhu na sala?

Vyoo vingi ni vile vya plastiki vya kuhamishika. Asubuhi ni safi, jioni si kitu cha kusifia. Beba tishu, kitakasa mikono na chupa ndogo ya maji. Kwa anayetawadha chupa ya lita moja inatosha. Mahali tulivu pa kusali hupatikana pembeni karibu na uzio au nyuma ya majukwaa yasiyotumika saa hiyo. Mwambie mfanyakazi aliye karibu, kwa kawaida huelekeza kwa ukarimu.

Mtoto akipotea?

Jiandaeni garini, kabla ya lango. Piga picha ya kila mtoto akiwa amevaa nguo za siku hiyo. Andika namba ya simu ya mzazi kwenye kigasha chake kwa kalamu ya wino usiofutika, si kwenye karatasi. Chagueni mahali pa kukutania panapoonekana kwa mbali, kama mnara au lango la uwanja wa farasi, na mwonyeshe kila mtoto kwa kidole. Mfundishe amwendee mtu wa kibanda chenye bidhaa, kwa sababu huyo haondoki pale alipo. Ninyi mkimkosa, msitawanyike wote: mmoja abaki palepale, mwingine aende kwa walinzi na ile picha.

Mvua ikinyesha?

Tamasha linaendelea, na fedha hairudishwi ila kwa dhoruba kubwa inayofunga geti. Mvua nyepesi ni baraka, watu hupungua. Mashindano ya farasi yanaweza kufupishwa uwanja ukiteleza. Leteni makoti ya plastiki. Mwavuli huwaziba wengine majukwaani.

Bibi na babu wataweza?

Wataweza mkiwapangia kituo. Wachagulieni jukwaa la muziki lenye kivuli na mabenchi, wakae hapo na vitu vyote, ninyi mzunguke na kurudi. Viti vya magurudumu vya kukodi huisha mapema, viulizeni asubuhi.

Tutokeje bila kukwama?

Ondokeni saa tisa alasiri au subirini hadi kufungwa kabisa. Wanaotoka nusu saa baada ya onyesho la mwisho la mikuki hukaa foleni moja. Asubuhi piga picha ya bendera au namba ya safu mlipoegesha, ukilielekea lango ili picha ikuonyeshe upande. Kama shamba limelowa, usiegeshe bondeni. Gari likianza kuzungusha magurudumu kwenye tope acha kukanyaga mafuta mara moja, kwa kuwa kila mzunguko unalichimbia zaidi. Sukuma mazulia ya garini chini ya magurudumu yanayovuta, toa taratibu kwa gia ya chini, na wasukumaji wasimame pembeni, si nyuma ya tairi.